Nguzo Iliyosimama Kwenye Kibanda cha Mke Wangu

Asubuhi ile mke wangu alininyooshea suruali. Nikamwambia siendi popote. Akasema hata nyumbani ni mahali, vaa. Nikavaa. Tukanywa chai, akadai nimemaliza sukari, nikakana, akanitazama tu. Alasiri moyo wake ukasimama. Tulikuwa pamoja tangu ndevu zangu hazijaota vizuri.

Watu walimwita Mama Pasi. Mimi nilikuwa mwashi, nyumba nyingi za mtaa wetu zina mkono wangu ndani. Yeye alikuwa na kibanda ubavuni mwa nyumba yetu, mabati machache na meza, akinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Ile nzito, unaifungua mdomo unatia makaa, na yakianza kulala unaibembeza mkononi yapate hewa. Aliibembeza huku anaongea na wateja, wala haitazami. Jivu halikuwahi kuangukia nguo ya mtu.

Umeme ulipokuja, mafundi walisimamisha nguzo mpaka kwenye kona yetu, wakakwama. Waya ulitakiwa upinde pale, uteremke kwenda nyumba za bondeni. Nguzo ya kupindia ilitaka kusimama kwenye kibanda, pale pale penye meza. Mkuu wa mafundi akasema kwa upole kwamba mama akikataa hawatamlazimisha, ila watu wa bondeni watangoja awamu nyingine, na hiyo awamu yeye haijui.

Sasa, watu wa bondeni ndio waliokuwa wakimletea nguo. Karibu wote. Wakipata umeme, kila mtu na pasi yake. Hilo halikuhitaji mganga kuagua.

Jioni walikuja kumbembeleza, wakajaa sebuleni. Fundi baiskeli, mtu wa mdomo, akaanza: "Shemeji, ukikataa tutakuja kukuwasha wewe."

"Mimi niliwashwa zamani," akajibu. "Muulizeni mzee wangu kama nimezimika."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilijua ameshakubali. Walipoondoka nikamwambia anajitilia mchanga kwenye kitumbua chake mwenyewe. Kesho yake akaburuta meza mwenyewe mpaka ndani, akarudi kung'oa bati la kwanza. La pili nikamsaidia. Ningefanyaje.

Umeme ukawaka mpaka bondeni. Nguo zikaanza kupungua, mashati kwanza, kisha mashuka. Zikabaki sketi za shule, maana marinda yanataka subira na watu hawana.

Binti yetu akamletea pasi ya umeme. Siku ya kwanza aliiona inachelewa kupata moto, mkono ukafanya ulichozoea: akaibembeza. Waya ukakaza, soketi ikang'oka ukutani na plasta yangu juu yake. Akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikaenda kukoroga saruji.

Baadaye akaizoea, ila kazi haikurudi. Alikaa mlangoni mikono iko mapajani, na ile mikono haikujua kukaa bure. Niliona. Moyoni nilikuwa na neno na watu wa bondeni.

Siku moja tumekaa hapo mlangoni, akapita fundi baiskeli anakwenda harusini. Akatusalimu bila kusimama. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vibaya, mkono wa kulia una mistari miwili, kola imelala upande. Mtu yule mashati yake yote yalikuwa yakipita kwa mke wangu, tangu hajaoa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza kama hajuti kuwapa ile nafasi ya nguzo.

Alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akasema hivi, sijapunguza neno:

"Mistari miwili kwenye mkono mmoja, baba. Lakini kanyoosha mwenyewe. Mwache apite."