Mama Asomewa Maneno Yake

Mke wangu aliporudi chuoni akiwa na miaka arobaini na mmoja, huku bado anafundisha shule ya msingi, nilifanya jambo la busara kuliko yote niliyowahi kufanya: nilinyamaza. Nikampa jina tu, Profesa. Mimi ni fundi wa feni na pasi, na karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kwa miaka mitatu nimekaza skrubu nikiwa nimezungukwa na vitabu vya vita vya watu wengine. Meza yangu ilitekwa bila risasi hata moja.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa historia huandika tasnifu. Wenzake, vijana anaoweza kuwazaa, walichagua majenerali na mapinduzi. Profesa akasema majenerali wameshaandikwa vya kutosha, yeye anawataka wake za askari, wale waliobaki kambini waume zao walipopelekwa vitani. Msimamizi wake akafurahi. Kasheshe ni kwamba mke wa askari aliyekuwa karibu kuliko wote alikaa chumba cha pili, na yeye na Profesa walikuwa hawaivi chungu kimoja.

Huyo ndiye mama yangu. Ana miaka sabini na minane na bado anakunja shuka pembe kwa pembe, utadhani kuna afisa atapita kukagua. Marehemu baba alikuwa karani wa jeshi, na mama alitoka kambini lakini kambi haikumtoka. Tangu nioe, kila kitu jikoni kimepigiwa kura mara mbili. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi ni miye.

Profesa alimwomba mara tatu wazungumze, akakataliwa mara tatu. Kisha alasiri moja mama akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Haya, washa hicho kidude chako cha kurekodi," akasema. Akaongea alasiri nne mfululizo. Mimi feni zikanilalia mezani, nikabaki kusikiliza.

Alieleza jinsi barua kutoka vitani zilivyokatika ghafla, na uvumi ukaenea kwamba kikosi kimepigwa vibaya. Orodha ya waliokufa ilikuwepo ofisini, lakini mkuu wa kambi hakutaka kuisoma. Basi wanawake kama arobaini wakaenda kukaa chini mbele ya geti la ofisi. Hakuna kupika, hakuna kufua, mpaka orodha isomwe. Siku tatu! Profesa alishalitafuta tukio hilo kwenye majalada yote, akapata mstari mmoja tu: utovu mdogo wa nidhamu miongoni mwa familia.

Alasiri ya nne mama akatoa lililokuwa moyoni. Orodha ile aliipiga chapa baba, aliyebaki kambini kama karani wa ofisi ile. Jioni ya siku ya pili alimnong'oneza mama kwamba mume wa jirani yao yumo, na akamwapisha asimwambie mtu, la sivyo yeye ataozea jela. Kesho yake mama akaenda getini kama kawaida, akakaa na jirani yule, wamejifunika mtandio mmoja kwa sababu ya jua. Jirani akamwambia, "Mungu akipenda, leo tutasikia habari njema." Mama hakuweza. Akainuka, akasema mtoto ana homa, akaenda zake na hakurudi. Orodha ikasomwa alasiri.

Mtoto ndiye mimi. Sikuwa na homa yoyote.

Asubuhi iliyofuata mama akamwambia Profesa, "Kile cha mwisho, futa. La sivyo sitii sahihi fomu yako." Wallahi nilimkasirikia. Bila sahihi ya msimuliaji, chuo hakiruhusu kutumia hata neno lake moja, na tasnifu ilitakiwa Ijumaa. Asipokabidhi, Profesa atarudia mwaka, na mwalimu mkuu wake alishasema ruhusa nyingine hana.

"Si ukate tu hicho kipande?" nikamwambia Profesa.

"Hicho kipande ndiyo sura yenyewe," akajibu. "Wengine wote walikuwa nje ya geti. Mama peke yake alijua kilichokuwa ndani."

Lakini akakata. Alisema maneno ni ya mwenyewe, hata yakikuuma. Nikamkuta jikoni analia huku anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Wana utaratibu wao watu hawa: kabla ya sahihi, msimuliaji lazima asomewe yote aliyosema, neno kwa neno. Alhamisi tukakaa karakanani. Profesa akasoma, sauti imepauka, mpaka akafika: "Tulikaa getini siku tatu, mpaka orodha ikasomwa."

"Tulikaa nani?" mama akauliza.

"Nyinyi, mama. Wanawake wa kambini."

"Na mimi nimo?"

Profesa akainamisha kichwa. "Ulisema nifute."

"Nilisema ufute. Sikusema unipe ushujaa wa wenzangu!" Mama akagonga karatasi kwa kidole. "Rudisha."

"Watu watasoma, mama."

"Kwani mimi sijui kazi ya kitabu? Rudisha, nisomee."

Profesa akachukua karatasi alizokuwa ameziweka kando, akasoma yote, homa ya uongo ikiwemo. Mama alisikiliza mikono ikiwa magotini. Mwisho akauliza huyo Msimuliaji wa Nne ni nani.

"Ni wewe. Majina tunayaficha."

"Sasa jirani yangu akisoma atanijuaje?"

"Niandike jina lako?"

"Halijui. Kule tuliitana kwa namba za nyumba. Andika Nyumba ya Kumi na Tatu. Yeye alikuwa Kumi na Nne."

Nikaingilia. "Mama, huyo bibi kama yu hai, si atakuchukia bure uzeeni? Karibu miaka hamsini imepita. Mwache na alijualo."

Mama akanigeukia.

"Mume akifa, nyumba ya jeshi unapewa siku saba uihame," akasema. "Siku ya saba alipita mlangoni kwangu, mizigo kichwani. Msiba wake mbichi, na mimi hata kumpa pole sikuwa nimekwenda. Unajua aliniuliza nini? Kama mtoto amepona."

"Ukamjibu nini?" Profesa akauliza.

"Nikamwambia amepona. Akasema alhamdulillahi, akaenda."

Akavuta fomu, akatia sahihi.