Soko la Mbali

Kila ninaposikia harufu ya samaki mkavu wa Kasenga, narudi kwenye mlango wa kantini ya kampuni, duka lililoziuzia familia za wafanyakazi chakula kwa kadi, majuma mawili baada ya kumzika baba, aliyekuwa mchimbaji wa shaba. Karani aliitazama kadi yetu, akaibakiza mezani kwake.

"Mama, hapa hautanunua tena. Bwana yako haiko."

"Na batoto?"

"Pole, mama."

Wanawake wa mstarini waliinamisha macho. Mama alikunja mfuko mtupu, akaniuliza kana kwamba nilikuwa mtu mzima, "Sasa twende soko gani?"

Nilitaja la mbali kabisa, ambako hakuna aliyetufahamu. Huko alinunua kopo moja la unga, akamsihi muuzaji amwongezee kidogo. Sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akiomba.