Mwezi Ulioandama Saa Nane Mchana

"Mwanangu, hiyo tovuti yako haiwezi kujua kabla ya saa kumi na moja?"

Mama mkubwa aliniuliza hivyo kwa simu kutoka Katy, nje kidogo ya Houston, wiki ya kwanza ya Ramadhani. Mimi niliyezoea kuwa na jibu la kila kitu nikacheka. Hakuwa anafanya mzaha. Mama mkubwa anahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee upande wa magharibi wa Houston, na pale kwao ukitaka ruhusa ya kesho, fomu lazima iwe imefika ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Idi, kwa bahati mbaya, haufuati saa za ofisi. Unaandama baada ya jua kuzama, na wakati ule jua la Texas lilikuwa linazama saa mbili kasoro. Siku mbili mfululizo hapewi mtu. Basi kila mwaka Mama mkubwa alikuwa anabahatisha, na kwa miaka sita alibahatisha vibaya. Ama alikaa nyumbani siku ya ruhusa akiwa bado amefunga, ama alikuwa kazini anabadilisha mashuka huku wanawe watatu wanakula biriani bila yeye. Mwaka ule alitaka jambo moja tu: kuswali Idi na kukaa mezani na wanawe, wote, siku yenyewe.

Tovuti ilikuwa wazo la kamati. Watu wetu wa pwani waliotapakaa kati ya Dallas na Fort Worth wana kamati ya mwezi ya wazee watano, na mwenyekiti wake ni dereva wa lori la masafa marefu. Kila mwisho wa Ramadhani alikuwa anapigiwa simu na kila nyumba, naye yuko barabarani na mzigo. Mtu fulani akamkumbusha kwamba kuna binti anakaa Euless, kasoma chuo kikuu, na anafanya "mambo ya kompyuta". Nikaitwa Cedar Hill, nyumbani kwa mwenyekiti, baada ya futari.

Mambo yangu ya kompyuta ni kutilia shaka. Nalipwa kujaribu programu kabla haijafika kwa watu: naandika jina lenye herufi tisini, nabonyeza kitufe mara saba, nasema nimezaliwa kesho. Wanaoandika programu hunung'unika kwamba hakuna mtu atakayefanya hivyo. Huwa nawajibu kwamba mtu huyo yupo, na ni mama yangu mkubwa.

"Sisi hatutaki mambo mengi," mwenyekiti aliniambia. "Ukurasa mmoja. Swali moja: Idi ni kesho? Jibu ndiyo au hapana."

"Na nani anaamua kwamba ni ndiyo, ami?"

"Kamati."

"Kwa ushahidi gani?"

Katibu, mzee wa Kizanzibari mwenye duka la vipuri vya magari, akaweka chini kikombe chake. "Huyu mtoto kasomea kompyuta au uwakili?"

"Nauliza tu, ami. Mwezi uonekane hapa kwa macho, au tufuate Makka, au hesabu za wanajimu? Lazima nijue nini kinatangulia nini."

Kwa swali hilo waligombana mpaka kahawa ikapoa. Wawili walikuwa wa macho, wawili wa Makka, na mwenyekiti alikuwa wa amani. Walichokubaliana mwishowe ni rangi. Ndiyo iwe ya kijani.

Nilikuwa na ombi moja. Nilitaka nafasi ya pili ya kujaribia, nakala ya tovuti isiyoonekana na watu, kwa sababu hujaribu kitu mahali ambapo watu wanakitegemea. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yangu.

"Tovuti mbili?" katibu akasema. "Kwani Idi mbili hazijatutosha?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kashata. Nami nikacheka, na nikarudi Euless na tovuti moja.

Siku ya ishirini na tisa iliangukia Jumanne. Saa nane mchana wenzangu wa ofisini walitoka kwenda kula, nami nikakaa ndani ya gari pale maegeshoni, ndege zinapita juu moja baada ya nyingine. Nikakumbuka kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nimeitazama "Hapana" kwa kila namna, lakini "Ndiyo" sikuwahi kuiona kwenye simu ndogo ya zamani kama ya Mama mkubwa. Nilikuwa nayo moja kwenye mkoba. Nikageuza jibu. Kijani kikajaa: NDIYO. MWEZI UMEANDAMA. IDI NI KESHO. Nilikuwa sahihi kutilia shaka, kwa sababu neno "kesho" lilikatwa na ukingo wa kioo. Nikapunguza herufi, nikatazama tena, nikarudisha "Hapana". Dakika nne, labda tano. Nilijipongeza.

Simu ya kwanza ilikuwa ya katibu.

"Nani kafuta?" alifoka. "Nime-refresh mara tatu, inasema hapana! Kamati imesema ndiyo, nani kafuta?"

"Kamati haijasema kitu, ami. Ni mimi, nilikuwa najaribu."

"Unajaribu mwezi?"

"Ami, ni saa nane na nusu mchana. Tazama nje. Jua liko utosini."

"Sikukuuliza saa, binti."

Wakati tunabishana, picha ya ule ukurasa wa kijani ilikuwa imeshafika kila grupu. Ilifika Houston kabla sijakata simu. Zikafuata picha za maua na mishumaa, Idi Mubaraka, Idi Mubaraka, na mama mmoja akauliza nani ana sufuria kubwa ya kuazima. Nikaandika katika grupu letu kwamba yale yalikuwa majaribio. Ujumbe wangu ulifunikwa na maua mia. Katika watu wote wale, wenye digrii na wasio nazo, manesi, madereva, mhandisi mmoja wa madaraja, hakuna aliyeuliza mwezi umeonekanaje mchana kweupe.

Badala ya maswali wakaja mashahidi. Kabla ya Alasiri walikuwa watatu. Mmoja aliuona Fort Worth juu ya paa la duka la matairi. Wawili, ndugu, waliuona hapahapa Euless, mwembamba, unang'aa, unasogea taratibu kuelekea kusini. Niliwauliza kama una mabawa. Wakaniambia elimu imeniharibu.

Saa kumi na nusu akapiga Mama mkubwa.

"Mungu akuweke, mwanangu! Nilisema mimi, huyu mtoto ataweza. Fomu nimeipeleka, wameipiga mhuri, na nusu saa imebaki! Nusu saa! Watoto nimeshawaambia. Nyama natoa kwenye friza nikifika tu."

"Mama mkubwa, subiri kidogo..."

"Usiseme kitu, nitalia hapa mbele ya wazee. Naingia ndani."

Akakata. Nilipiga tena, ikaita bure, kwa sababu wakiwa kazini simu zao hufungiwa kabatini. Nilipiga mara kumi na moja. Naweza kusema nilijitahidi, na ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu, lakini ile sentensi ilikuwa na maneno matatu tu na nilikuwa na pumzi ya kuyasema: nilikosea, rudisha fomu. Nilianza na "subiri kidogo" kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuisema bila neno "nilikosea" kuwa la kwanza.

Jioni kamati ilisimama kando ya ziwa, Cedar Hill, na darubini moja ya kuwindia kulungu. Mawingu yalikuwa mazito magharibi yote. Wazee wawili wa Makka walikuwa wameshavaa kanzu mpya.

"Mashahidi tunao watatu," mmoja wao alisema. "Kisheria wanatosha na wanabaki."

Mwenyekiti alinigeukia. Yeye peke yake hakuwa amenifokea siku ile. "Wewe unapenda kuuliza ushahidi. Leo nakuuliza wewe."

Nikawaambia. Kwamba hakuna aliyeona kitu kabla yangu, na mimi niliona kwenye simu, kitu nilichokiandika mwenyewe. Kwamba wale watatu waliona baada ya kusoma. Niliyasema haraka, kama mtu anayetema dawa chungu. Katibu akatikisa kichwa. "Angalau ulichagua kijani tulichokubaliana," akasema, na sijui mpaka leo kama ilikuwa huruma au kejeli.

"Tunakamilisha thelathini," mwenyekiti akaamua. "Idi ni Alhamisi."

Katika taarifa rasmi iliyoandikwa na katibu, yote yalisababishwa na "hitilafu ya mtambo". Nilitaka kupinga lugha hiyo, kisha nikafikiri vizuri nikanyamaza. Nusu ya watu hawakuisoma hata hivyo. Ukishatoa nyama kwenye friza, huirudishi.

Mama mkubwa nilimpata akiwa njiani kurudi nyumbani. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni baya kuliko matusi.

"Basi mpigie msimamizi," nikamwambia. "Mwambie fomu ilikosewa, ruhusa iwe keshokutwa."

"Fomu nimeshaiandika."

"Itabadilishwa. Sema kulitokea kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu."

"Basi," akasema. "Endesha gari polepole ukija."

Nilikasirika. Nilidhani ni ule ukaidi wa watu wake, wa mtu anayeona aibu zaidi kurudi dirisha la ofisi mara ya pili kuliko kupoteza kitu alichokingoja miaka sita. Nilimweleza hivyo, kwa ufupi na kwa ujasiri wa mtu aliyesababisha tatizo. Akaniambia nisisahau kuleta iliki.

Jumatano niliendesha saa nne na zaidi mpaka Katy. Nilimkuta amefunga, anapika biriani asiyoweza kuionja chumvi. Mwanawe mkubwa alikuwa ameamua kwamba picha ya kijani ni hoja tosha, akaswali Idi na wenzake wa Houston, akala saa saba mchana peke yake mezani, mama yake anamwongezea. Binti alifunga. Wa mwisho alijibu kwa Kiingereza kwamba dini yake inakubali siku yoyote yenye biriani, akachapwa na mwiko wa plastiki. Magharibi ilipoingia tukala tuliobaki. Ilikuwa futari nzuri sana, na haikuwa Idi.

Alhamisi kabla ya alfajiri nilimsikia anatafuta viatu vyake vya kazi. Tuliswali Idi bila yeye. Nilivaa nguo aliyoninunulia.

Tovuti waliniomba niiendeleze mwaka uliofuata, safari hii na nakala ya kujaribia. Hakuna aliyekumbuka kwamba niliiomba mwanzo, na sikuwakumbusha, au niliwakumbusha mara mbili tu.

Miaka miwili baadaye Mama mkubwa alihamia kazi nyingine karibu na nyumbani. Ofisi yake ya zamani ilimkabidhi bahasha nzito ya karatasi zake zote, naye akanipa nizipige picha moja moja. Katikati nikakuta fomu ya Jumanne ile, yenye mhuri wa saa kumi na dakika ishirini na sita. Chini kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, kwamba tarehe ya sikukuu inaweza kubadilishwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe, iwapo kiongozi wa dini aliyeithibitisha atapiga simu ofisini na kukiri kwamba alikosea. Juu ya maelezo hayo kulikuwa na nafasi ya kumtaja kiongozi huyo. Mama mkubwa alikuwa ameandika, kwa kalamu ya buluu na herufi kubwa, jina langu.