Beberu Aliyechinjwa Mara Mbili

Jamani, aibu zangu ni nyingi kuliko usipa, vidagaa vya ziwa hili, ila ile ya msibani Ikolo nikiikumbuka natazama chini hata nikiwa peke yangu.

Wakati huo nalisha mbuzi wa daktari mmoja Mjerumani pale Mwaya. Kazi yake ilikuwa ya ajabu: anampasua mbuzi shingoni, anakata nusu ya tezi (kajinyama ka kooni ambako, alivyonieleza, kanapika dawa na kuimwaga kwenye damu ili mwili ukue), anashona, halafu anangoja aone ile nusu iliyobaki itafanya nini. Nayo inakua! Alinichungulisha kwenye mtambo wake wa kioo, nikaona vitu kama mayai ya samaki, akasema vinajigawa, vinazaliana, mpaka vinajaza pengo la wenzao waliokatwa. (Kimoja kilinikonyeza, wallahi, ila sikumwambia.)

Basi akafa baba mkwe. Kwetu mkwe haendi msibani mikono mitupu, unapeleka ng'ombe wa kuchinja, la sivyo mkeo atamlilia baba yake kichwa chini mbele ya ndugu. Na ng'ombe wangu wote ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewamaliza. Daktari akanihurumia: "Mchukue yule beberu mweupe, kazi yangu kwake imekwisha."

Mke wangu akasema, "Kaka zangu waambiwe kwanza habari za lile kovu." Mimi mjanja nikamfunga beberu kitambaa chekundu shingoni, akapendeza kama bwana harusi, tukaenda.

Tukawakuta wanaume wanacheza ngoma ya msiba na mikuki, vumbi mpaka mawinguni. Shemeji yangu mkubwa akampokea beberu, akamlaza, akavuta kitambaa. Ngoma ikanyamaza.

"Shemeji, huyu mbona ameshachinjwa?"

"Aa, alikatwa kidogo tu, akashonwa."

"Akashonwa! Kama kanzu?"

Watu wakaangua kicheko, na mdomo wangu (Mungu alisahau kuuwekea mlango) ukazidi kueleza: nusu iliyokatwa, nusu iliyokua, mayai ya samaki. Shemeji akachinja, akapasua koo atazame. Upande mmoja patupu, upande wa pili tezi limevimba kama yai la bata. Shangazi mmoja akajishika shingo, "Ametuletea rovu! Tukila litatuota shingoni!"

Kicheko kikafia hapohapo. Shemeji akafuta kisu kwenye jani la mgomba. "Mfukieni mbuzi huyu. Tata, baba yetu, ameondoka bila nyama ya mkwe wake."

Mke wangu akainuka kutoka kwa waombolezaji. Hakunitazama. Akakata kipande cha paja, akakichoma mwenyewe, akaanza kula mbele ya watu wote, anatafuna huku analia, machozi yanachanganyika na mafuta. "Hii ni nyama ya tata," akasema. "Nimeileta mimi."

Hakuna aliyemsogelea. Nikaenda nikakaa karibu yake, nikanyoosha mkono, akanimegea bila kugeuka. Tukala wawili tu, nyama ya watu mia, na wale mia wanatukodolea macho.

Tangu siku ile nimeapa: nikiwa sina cha kupeleka msibani, nitasema sina, hata mbele ya mikuki yote ya Ikolo. Mke wangu hajanilaumu kwa neno hata moja. Ila mimi ninayesimulia kila kitu kwa kila mtu, kisa hiki sijawahi kukisimulia yeye akiwa anasikia.