Siku Mzee Rwegoshora Alipoondoka na Enanga Yake

Nikipita mahali palipoanikwa kahawa, nikanusa ile harufu tamu inayokaribia kuchacha, huwa nasikia enanga. Miaka ile ya ujamaa, nyumbani kwetu karibu na Muleba, Shangazi Adventina alifanyia mazoezi ya kinanda uani, kando ya mikeka ya kahawa. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga kahawa, lakini kuimba tuliruhusiwa.

Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Masista wa Bukoba walimfundisha kupiga kinanda cha kukanyaga, na walipopata kipya wakampa kile cha zamani, kilichohema kama mtu mwenye pumu. Walimfundisha pia nyimbo za Wazungu waliokufa zamani. Alizipenda, ila hakuweza kuziacha zilivyo. Katikati ya wimbo mzito ungesikia vidole vyake vikiiga kuku anayefukuzwa migombani, kisha wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba alisema dada yake angeolewa mapema kama angepiga kinanda kama watu wengine.

Basi wakubwa wa wilaya wakamwomba atunge kitu cha sherehe za uhuru, chenye utamaduni wetu. Akamwendea Mzee Rwegoshora, mpiga enanga. Kama huijui, enanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia na kutandazwa nyuzi. Mpigaji huupakata na kuimba habari za mashujaa wa kale. Mzee aliimba penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakimsikiliza kimya. Kinanda hakuwahi kukikaribia. Alikubali kwa kuwa Shangazi alimpigia magoti.

Siku ya sherehe wanaume walibeba kinanda hadi uwanjani. Mzee alianza kuimba akiwa amefumba macho. Shangazi akamfuata polepole, vizuri kabisa. Kisha, kwenye kinanda, akamwachilia yule kuku wake.

Uwanja mzima ulicheka. Mgeni rasmi alifuta machozi kwa leso. Mzee alifumbua macho, akatazama watu, akatazama kinanda. Hakugomba. Aliifunga enanga yake katika kitambaa, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Walizidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Kesho yake Shangazi alinichukua tukaenda kwa mzee. Alipiga magoti mlangoni, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu mzee, nisamehe. Hawakukucheka wewe. Walimcheka kuku."

"Nilikuwa nimefika pale mama anapoambiwa kwamba mwanawe hatarudi kutoka vitani," mzee akasema. "Kuku alitoka wapi?"

Shangazi akasema, "Sikujua umefika hapo. Kihaya kile cha zamani sikielewi chote."

"Umetunga juu ya wimbo usioujua?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akasogeza kigoda. "Basi kaa."

Masika yote yaliyofuata Shangazi alikwenda kwa mzee baada ya shule, akirudi na gauni limelowa na maneno mapya mdomoni. Mama alinong'ona kwamba majirani wanasema. Shangazi alijibu kwamba nao waje wajifunze.

Mvua zilipokwisha, wawili hao walipiga tena, safari hii mbele ya shule. Enanga ilisimulia. Kinanda kilikuwa kama mgeni aliyefika msibani bila kujua desturi: kinakaa pasipo pake, kinasema kwa sauti, kinashtuka, kinanyamaza. Watu walikicheka kinanda, na hata mzee alitabasamu huku akiimba. Alipofika pale kwa yule mama, Shangazi aliinua vidole vyake, lakini miguu iliendelea kukanyaga. Tulisikia pumzi ya kinanda tu, na sauti ya mzee juu yake. Hakuna aliyecheka tena. Mzee aliimba mpaka mwisho.

Wakati ule nilidhani Shangazi amemwondoa kuku kwa kumwogopa mzee, nikasikitika, maana nilimpenda yule kuku. Miaka mingi baadaye tulimzika mama. Jioni, tukiwa tumekaa kwenye majani tuliyotandika chini, binamu yangu alikumbusha jinsi mama alivyowahi kumkaripia askofu akidhani ni muuza samaki kutoka Kemondo. Tulicheka hadi tukashikana mabega, kisha tukalia kuliko tulivyolia kaburini. Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi. Hakuwa amekifukuza kicheko. Alikizuia mpaka alipoujua wimbo wote, ndipo akakiweka mahali ambapo hata anayelia angeweza kukipokea.