Pedali za Mardhiya

Wateja wa Mardhiya pale Langoni, Amu, walizoea kukuta mabuibui yao hayajashonwa, naye fundi mwenyewe kaiinamia mashine ya gemu iliyofunguliwa matumbo. Walinung'unika, lakini walirudi, maana mshono wake hauna mpinzani.

Mashine ilikuwa ya mdogo wake, Harith, aliyekuwa akiwafunga vijana wa Pate kwenye mashindano ya gemu ya mpira kila Idi. Kisha mashine ya boti ikamkata vidole vya mkono wa kulia. Tangu hapo alijifungia ndani, mpole, akiitikia kila aambiwalo. Upole huo ndio uliomtia Mardhiya hofu. Harith amjuaye ni mgomvi.

Akaamua mdogo wake atacheza kwa miguu, kwa pedali za cherehani. Mashine ikazikataa. Ndani ya chipu yake mna programu ya kiwandani, inayoamka kabla ya gemu yoyote na kukihoji kila kinachochomekwa: wewe nani? Asiyejua kujibu haingii. Basi Mardhiya akainakili programu ile kwenye kompyuta, akaisoma kipande kwa kipande. Majirani walidhani anatafuta gemu za bure. La, alitaka kujua mashine yapenda kujibiwaje. Akaifundisha chipu nyingine ndogo majibu hayo, akaiunganisha na pedali. Siku mashine ilipokubali, alipiga vigelegele peke yake chumbani.

"Wanionea huruma tu, dada," Harith akasema. Akakubali kwenda mashindanoni, kwa upole ule ule.

Siku ya Idi, Athman, bingwa wa Pate, aliziona pedali akagoma. "Bi Mardhiya, huo ni wizi!"

"Ndoo uteze nazo wewe," akamjibu, akimsogezea kiti azicheze mwenyewe.

Athman akakanyaga. Mchezaji wake akapiga mpira nje, kisha nje tena, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akampisha Harith kitini, na mchezo ukaanza.

Harith alipigana kiume, lakini bao la mwisho lilikuwa la Athman. Watu wakamgeukia Harith, wakingoja tabasamu lake la upole. Harith akaruka juu, uso umemwiva.

"Turudie! Athman, keti hapo! Huregei Pate leo!"

Mardhiya akajifunika uso kwa mtandio. Wakadhani analia kwa kushindwa, kumbe anacheka. Katika vyote alivyowahi kuvishona, hakuna alichokionea fahari kama ugomvi ule.