Mke Niliyemuoa Kwenye Ngazi za Wheaton

Cheka kwanza umalize. Najua mnanijua kwa utani, hata darasa la nane nilimaliza kwa kumchekesha mwalimu mkuu. Lakini hii si utani. Ilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na kidole changu hiki hapa ndio shahidi.

Nilitaka kumuoa Wambui. Msichana wa kwetu, anatunza wazee huku ughaibuni, kule Wheaton, mrembo, mdomo kama wembe. Mpango ulikuwa nimvishe pete Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi nikapita Riverdale Park, nikakuta mama mmoja mzungu ametandaza vitu vya marehemu shangazi yake nje ya nyumba, anaviuza. Vikombe, makoti, picha ya huyo shangazi mwenyewe amefunga kitambaa cha kijani. Na pete. Mikono miwili imeshika moyo, juu ya moyo kuna taji.

"Ni ya Ireland," akaniambia. "Kwao ndiyo ya harusi."

Nikaigeukia ile picha. "Asante shangazi!" Mdomo wangu huo.

Nikainunua, nikaivaa mwenyewe isipotee. Mkono wa kushoto, kidole cha ndoa, ncha ya moyo ikitazama kwangu. Ningejuaje?

Kama umewahi kushuka treni Wheaton unazijua zile ngazi za umeme. Ndefu! Unasali Baba Yetu mara tano na bado hujafika juu. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Mara nikasikia harufu ya bahari. Bahari, Wheaton! Kugeuka, ngazi moja chini yangu amesimama bibi. Kitambaa cha kijani.

"Kijana, nani alikufundisha kuvaa hivyo?" Kiingereza chake cha kuimbaimba.

"Kuvaa ni kuvaa tu, bibi."

"Hapana. Mkono wa kulia, moyo ukitazama nje, huna mtu. Ukitazama ndani, umepata. Wa kushoto, nje, mna uchumba. Ndani, umeoa." Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mkono wa koti. "Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Wanasema ya kwanza aliitengeneza kijana aliyetekwa na maharamia, kwa ajili ya msichana aliyemwacha kijijini. Yule alirudi. Wangu alienda kuvua, hakurudi. Nimevaa kushoto, moyo nje, miaka sitini. Hakuna aliyenigeuzia."

Mwenye akili angenyamaza, si ndiyo? Lakini mimi nikiogopa ndio utani unazidi.

"Na wewe," akauliza, "umeoa nani?"

"Si ni wewe!"

Hakucheka. Alitabasamu polepole, akanishika mkono. Baridi, niamini, mpaka kwenye meno. Akasema neno moja tu: "Haya."

Kufika juu nikageuka. Hakuna mtu. Zile ngazi zinapanda tupu. Mkono wa jaketi langu umelowa chapachapa. Nikaulamba. Chumvi.

Usiku mzima nilivuta ile pete. Sabuni, siagi, uzi, wapi! Ikakubali kuzunguka tu. Nikageuza moyo utazame nje, nikalala. Asubuhi umerudi ndani.

Jumapili, nyuma ya kanisa, Wambui na sahani yake ya chapati akaiona.

"We! Na hiyo?"

"Yako."

"Si basi univishe."

Nikavuta mpaka jasho. Ikabidi nimweleze yote. Akacheka sana, akaishika aitoe mwenyewe, akaacha kucheka. Akanusa vidole vyake.

"Ulimwambia yeye ni mke wako?"

"Nilikuwa natania, Wambui."

"Na yeye alikuwa anatania?"

Nikaivuta tena ile pete.

"Nenda akuache kwanza," Wambui akasema. "Mimi siwezi kuwa mke wa pili. Tena kwa maiti."

Sonara alijaribu kuikata, msumeno ukakatika mara mbili, akanifukuza. Wambui aliningoja mwaka mzima, sitamsema vibaya. Halafu akaolewa Springfield. Pilau ya harusi yake nilikula, mkono wa kushoto mfukoni.

Mpaka leo, kila Jumamosi, nazipanda zile ngazi, nashuka, napanda tena, nimwombe bibi talaka. Hajatokea. Kwani aje kufanya nini? Yeye ameshaolewa, ametulia.

Kwa hivyo wewe usivae cha marehemu kabla hujajua kinavaliwaje. Na mtu usiyemjua akikuuliza umeoa nani, usimchekeshe. Taja jina la mpenzi wako, taratibu, lisikike. Mimi la Wambui lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.